Tunajua chakula kizuri, kwa nini hatukili?

Ndugu msomaji, jana saa sita ya mchana ulikula nini? Usijibu mbio. Fikiri kidogo. Kama wewe ni mtu wa kazi, mwalimu ao karani, mbebaji wa mizigo kwenye bandari ya Kalundu, kijana wa pikipiki kule Kavimvira, mama muuza samaki, ao mchimbaji wa zahabu huko Misisi na Kamituga, labda jibu lako ni moja ya haya: "Sikukula kitu." "Nilikunywa chai na mandazi mbili." "Nilingojea bugali ya mangaribi." Na kama jana ilikuwa siku ya mshahara, pengine utasema: "Tulienda na wenzangu kwenye nganda, tukakula michopo na kunywa Primus."

Sasa jibu ulizo la pili. Je, unajua chakula kizuri ni kipi? Hapa karibu watu wote wanajibu vizuri. Tangu zamani mama zetu wanafundishwa kwenye kituo cha afya: kuna chakula cha kujenga mwili, kama samaki, maharagi na mayai, kuna chakula cha kuleta nguvu, kama bugali, viazi, ndizi na mafuta, na kuna chakula cha kulinda mwili, kama lengalenga, sombe, papai na machungwa. Hata mtoto wa masomo ya msingi anaweza kukuambia hayo yote bila kukosea.

Basi, kama tunajua, kwa nini hatufanyi? Leo tunataka kuzungumza nawe juu ya kile kinachokaa katikati ya kujua na kula: yaani mawazo ya mtu, woga wake, uchovu wake, na haya yake mbele ya wengine.

MEZA YETU HAIKO MASKINI

Watu wa pwani ya kaskazini ya Tanganyika hawakunyimwa chakula na udongo, wala na maji. Ziwa linatupa ndakala na mikeke. Ndakala kavu, zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini, ndiyo ile inayojenga mwili. Na kwa sababu inaliwa nzima pamoja na mifupa yake midogo, inaleta pia kalsiamu ya kuimarisha mifupa na meno. Bonde la Ruzizi, tangu Kamanyola, Luvungi na Sange mpaka Kiliba, linatoa mchele, mahindi, mihogo na nyanya. Milimani kunateremka maharagi, viazi na maziwa. Mafuta mekundu ya ngazi yana vitamini A inayolinda macho. Sombe ikitwangwa vizuri na kupikwa kwa muda mrefu, sumu yake inatoka, na inabaki mboga yenye faida kubwa.

Kweli, feza ni kizuizi cha kwanza, na hatutaki kuficha jambo hilo. Mwezi ukiwa mkubwa, taa za wavuvi hazivuti samaki vizuri, mitumbwi inabaki inchi kavu, na bei ya ndakala inapanda. Mwaka wa 2024, tangu tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, uvuvi ulifungwa ili samaki wapate kuzaa. Yalikuwa mapatano ya inchi ine zinazozunguka ziwa: Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia. Mto Mulongwe ulipofurika katika Aprili 2020, watu walikufa na jamaa nyingi zikapoteza nyumba. Na tangu vita ya 1996 kuna watu hapa waliokimbia mara nyingi mpaka wameacha kuhesabu. Ukimwambia mtu wa namna hiyo "Kula vizuri!" bila kuuliza anaishi namna gani, unamtukana.

Lakini angalia pia jambo hili. Kuna baba wawili wa kazi moja, wa mshahara mmoja, wa mtaa mmoja, kila mmoja na watoto watano. Nyumba moja inakula vizuri, nyingine hapana. Feza peke yake haiwezi kueleza tofauti hiyo. Tutafute sababu zingine.

NJAA INAJAZA KICHWA

Katika Novemba 1944, wakati vita kuu ya pili ya dunia ilikuwa ingali inaendelea, mtaalamu mmoja wa Marekani jina lake Ancel Keys alianza uchunguzi kwenye chuo kikuu cha Minnesota. Vijana wanaume 36 walikubali kwa hiari kupunguziwa chakula kwa muda wa juma 24. Walikuwa watu waliokataa kubeba silaha, wengi wao kwa sababu ya imani yao, nao walitaka kusaidia ili waganga wajue namna ya kulisha watu waliopatwa na njaa ya vita.

Miili yao ilikonda, hilo kila mtu alilitazamia. Kilichoshangaza wataalamu ni mambo ya moyoni. Vijana wale wapole walianza kukasirika ovyo. Waliota chakula usiku. Walisoma vitabu vya mapishi kama vile watu wanavyosoma barua za wapenzi. Walilamba sahani. Waliacha kucheka, kuzungumza, hata kufikiri juu ya mchumba. Na waliporudishiwa chakula, wengi walikula kupita kiasi na bado wakasema hawakushiba.

Msomaji, unamtambua mtu huyo? Ni baba anayetoka nyumbani saa kumi na mbili ya asubui bila kutia kitu kinywani, anashinda kazini na maji tu, na anarudi mangaribi na hasira. Anagombeza watoto, anafunga mdomo mbele ya bibi yake, anakula mlima wa bugali, halafu analala papo hapo. Nyumbani wanasema: "Baba iko na roho mubaya." Pengine roho yake haina shida, ni njaa ya saa kumi na mbili inayosema kwa kinywa chake. Mtu aliyefika kwenye sahani na njaa kali hawezi kuchagua. Anachukua kilicho karibu, kilicho kizito, na kwa wingi.

FEZA INAYOCHELEWA, FEZA YA GAFULA

Mwaka wa 2013, wataalamu walitoa habari za wakulima 464 wa miwa huko India. Wakulima wale wanapata feza mara moja tu, baada ya mavuno. Waliwapima akili mara mbili: mbele ya mavuno, wakati mifuko iko mitupu, na nyuma ya mavuno. Watu ni walewale, lakini walijibu vizuri zaidi walipokuwa na feza. Wataalamu walifikiri kwamba ukosefu wa feza unakamata kichwa, na nafasi ya kufikiri mambo mengine inapungua.

Hilo linaweza kutusaidia tusimuhukumu jirani mbio. Mwalimu ambaye mshahara wake umekawia anafikiri deni ya dukani, kodi ya nyumba na feza za masomo za watoto. Ukimuuliza kama amekula matunda, atakutazama kama mtu wa kutoka mwezini. Anafikiri leo tu, kwa sababu leo inamkaba.

Na siku feza inapofika? Hapo mtu anasema moyoni: "Nimeteseka sana, acha nami nijifurahishe." Kwa mchimbaji wa zahabu ni vikali zaidi, kwa sababu feza yake inakuja gafula na hajui kama kesho itarudi. Zamani mfanyakazi wa kampuni kubwa za migodi, kama Union Minière kule Katanga, alipewa posho ya unga na vyakula vingine; kampuni ilimchagulia, akitaka asitake. Mchimbaji wa leo anajichagulia mwenyewe, mangaribi, amechoka, feza mkononi, na muuza kanyanga amesimama mlangoni. Kusherehekea hakuna ubaya. Ubaya ni wakati siku moja inakula chakula cha siku kumi, na nyumbani watoto wanabaki na bugali na chumvi. Kivu yote inajua neno bwaki, ule ugonjwa wa kuvimba unaokamata watoto wanaokosa chakula cha kujenga mwili. Hata huko Bukavu, katika miaka ya 1960, kuliundwa Comité Anti-Bwaki ili kupigana nao.

CHAKULA YA HESHIMA, CHAKULA YA HAYA

Mgeni akifika, utamupikia lengalenga? "Apana," utasema, "watanicheka!" Utatafuta nyama, mchele na chupa za Fanta. Lengalenga na ndakala tunaziita chakula ya maskini. Kijana wa masomo anaona haya kubeba kiazi kitamu katika mfuko wake. Afazali ashinde na njaa kuliko wenzake wamuone. Kazini vilevile: mkubwa akiagiza bia, mdogo anaogopa kuagiza maji.

Tena kuna jambo la mwili. Kwetu, mtu akinona, wanamsifu: "Sasa uko mutu! Feza inaonekana." Akikonda, wanaanza kunongona juu ya SIDA, ao wanasema bibi yake hamulishi. Kwa hiyo wengine wanaogopa kupunguza uzito hata muganga akiwaomba.

Lakini sikia habari hii. Daktari Hugh Trowell, Mwingereza, alifika Kenya mwaka wa 1929, baadaye akatumika miaka mingi Uganda kwenye hospitali ya Mulago. Wakati ule ugonjwa wa mishipa ya moyo ulikuwa kitu cha ajabu sana kati ya Waafrika, hata mwaka wa 1956 yeye na mwenzake waliandika habari ya mgonjwa mmoja tu katika gazeti la waganga. Mwenzake mwingine, daktari Denis Burkitt, aliyepasua wagonjwa Uganda kwa miaka mingi, baadaye alizunguka akifundisha Wazungu kwamba walikuwa wamepoteza kitu ambacho Waafrika wa mashamba walikuwa nacho kila siku: zile nyuzinyuzi za maharagi, mboga, viazi na nafaka zisizosafishwa sana. Mwaka wa 1979 aliandika kitabu kizima juu ya hayo.

Ndivyo ilivyo! Chakula ambacho sisi tunaona haya kumpa mgeni, waganga wakubwa walikisifu mbele ya dunia. Na leo, daktari wa Uvira ao wa Kampala hashangai tena akiona mgonjwa wa tension, wa sukari, ao mtu wa miaka 45 aliyepooza upande mmoja. OMS inashauri mtu mzima asipitishe gramu 5 za chumvi kwa siku, karibu kijiko kimoja kidogo, pamoja na ile iliyofichwa katika samaki wa chumvi na katika vidonge vya kuunga mchuzi. Na chupa moja ya soda ya sentilita 30 inaweza kubeba karibu gramu 30 za sukari, yaani vijiko vidogo 7 hivi. Nani angetia vijiko 7 katika kikombe kimoja cha chai? Lakini katika chupa hatuvioni, tena chupa inaleta heshima.

UCHOVU NA HUZUNI VINAKULA PAMOJA NASI

Watu wengi hapa wanabeba mizigo isiyoonekana: ndugu aliyekufa, shamba lililoachwa, kazi isiyolipa, habari mbaya za usiku. Mwili ukiwa katika woga wa siku nyingi, unaomba vitu vitamu, vya mafuta, ao pombe, kwa sababu vinatuliza kwa muda mfupi. Mwingine kwa huzuni anapoteza hamu kabisa, na chakula kinapita mbele yake kama mchanga. Wote wawili hawakosi akili. Vilevile mtu asiyelala vya kutosha, kama mlinzi wa usiku, muuguzi ao mvuvi, kesho yake anasikia njaa kupita kawaida.

Kwa hiyo, ukiona mwenzako wa kazi amebadilisha namna ya kula, ama anakula sana, ama hakuli, ama anakunywa peke yake, usianze kumfundisha juu ya vitamini. Muulize kwanza: "Ndugu, unaendeleaje nyumbani?"

NANI ANASHIKA MLANGO?

Sasa tufike kwenye habari ambayo inaweza kusaidia vikundi vyetu. Mwaka wa 1943 huko Marekani, nyama ilikuwa haba kwa sababu ya vita. Serikali ilitaka mama wa nyumbani wapike moyo na figo, vitu ambavyo wengi walivichukia. Kurt Lewin, mtaalamu Myahudi aliyekimbia Ujerumani, alijaribu njia mbili. Mama wa vikundi vingine walisikia hotuba nzuri: faida za vyakula hivyo, bei yake, namna ya kuvipika. Mama wa vikundi vingine, kila kimoja cha watu 13 mpaka 17, walizungumza wao wenyewe: kwa nini hatuvipendi? Bwana atasema nini? Harufu tutaiondoa namna gani? Kisha waliulizwa nani atajaribu juma hilo, wakainua mikono mbele ya wenzao.

Baadaye waliulizwa nyumbani. Kati ya waliosikia hotuba, mama 3 kwa 100 tu ndio walipika kitu ambacho hawakuwahi kupika mbele. Kati ya waliozungumza na kukata shauri pamoja: 32 kwa 100. Muda ulikuwa uleule.

Lewin alisema tena kwamba chakula kinapita kwenye mlango, na mlango una mlinzi. Katika nyumba zake alizochunguza, mlinzi alikuwa mara nyingi mama. Je, kwetu ni nani? Mama anapika, ni kweli. Lakini feza ya kwenda sokoni mara nyingi iko katika mfuko wa baba. Baba akiacha feza kidogo na kusema "Tafuta namna", yeye ndiye ameisha kuchagua chakula cha siku ile, hata kama hajui bei ya ndakala. Kwa hiyo si haki kumwambia mama peke yake "Pika vizuri." Wazungumze wawili, mshahara ungali mezani.

TUFANYE NINI?

Hatutaki kukupa sheria ishirini. Haya machache yanatosha:

1. Usitoke nyumbani na tumbo tupu kama kuna kitu cha kula. Kiazi kilichobaki, uji, ndizi na karanga kidogo vinatosha. Mtu aliyekula asubui anachagua vizuri mangaribi.

2. Beba chakula kazini. Wa kwanza ataonekana kama mtu wa ajabu. Mkiwa watatu, haya inakwisha. Semeni pamoja na wenzako: "Tangu juma kesho, kila mutu analeta chakula yake."

3. Funga jambo jipya kwenye jambo la kila siku. Usiseme tu "Nitakula matunda." Sema: "Nikifika njia ya sokoni nikitoka kazi, nanunua papai ao machungwa mawili." Wataalamu wa London walifuata watu 96 waliojizoeza jambo dogo la kila siku, kama kula tunda mchana, habari zao zilitoka mwaka wa 2009. Kwa kadiri, ilichukua siku 66 mpaka jambo lile lijiendeshe lenyewe; wengine siku 18, wengine zaidi ya 200. Na waliokosa siku moja hawakuharibu kitu. Basi ukianguka leo, endelea kesho.

4. Siku ya mshahara, nunua kwanza vitu vinavyokaa: maharagi, ndakala kavu, mchele, mafuta. Kisha gawanya furaha: kidogo kwa wenzako, kidogo kwa nyumba yako. Mchimbaji naye, mbele ya kuteremka mjini, amwachie feza ya chakula mtu anayemwamini.

5. Mpe mgeni chakula cha hapa kwetu, kipikwe vizuri na kwa furaha. Watoto wanaangalia unachokiheshimu.

6. Kama una tension, ugonjwa wa sukari, ao umekonda bila sababu, nenda kwa muganga. Usijitibu kwa maneno ya jirani, wala ya gazeti.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI NA KATIKA VIKUNDI

Je, katika nyumba yetu nani anashika mlango wa chakula, na nani anashika feza? Wanajua mawazo ya wenzao?

Chakula gani tunaona haya kukila mbele ya watu? Haya hiyo ilitoka wapi?

Nani kati yetu anashinda njaa kazini, na hatukuwahi kumuuliza?

Jambo moja dogo, la bei ndogo, ambalo tunaweza kuanza juma hili ni lipi? Atakayekubali ainue mkono mbele ya wote, na kiisha mwezi mmoja mkutane tena, kila mtu aeleze alivyofanya.